Mkono, Sumaku na Elimu ya Ghaibu

Kabalega, mfalme wa Bunyoro, aliyeshikwa katika nchi ya Lango tarehe 9 Aprili 1899 na jeshi la Waingereza lililofuatana na askari wa Semei Kakungulu, mkono wake ukiwa umevunjwa kwa risasi hata ikabidi kukatwa, na ambaye baadaye alikaa uhamishoni Shelisheli zaidi ya miaka ishirini, alipopewa ruhusa ya kurejea kwao hakuifikia Bunyoro; mauti yalimkuta njiani, katika kilima cha Mpumudde hapa Jinja, tarehe 6 Aprili 1923, mbali na ardhi ya baba zake. Mtu wa Mpumudde anayetaka kumfahamisha mwanawe nini maana ya ghaibu hana haja ya kutafuta mfano ng'ambo ya mto, maana mwisho wa sura ya Lukmani katika Kurani Tukufu yametajwa mambo matano ambayo elimu yake amejiwekea Mwenyezi Mungu, na miongoni mwayo ni chumo la mtu la kesho na ardhi atakayofia. La pili hilo limekwisha kupata sharhi yake juu ya kilima hiki. Nataka kulizungumza la kwanza, chumo la kesho, kwa sababu wamezuka matabibu ambao husema, kwa adabu lakini bila ya kigugumizi, kwamba wanaweza kupima leo ikiwa mkono wa mgonjwa utarudi kufanya kazi baada ya upasuaji wa ubongo; na kwa fundi, mkono ndio chumo lenyewe.

Tumfikirie fundi cherehani wa Mpumudde, mtu wa makamo, ambaye mkono wake wa kuume umeanza kuangusha mkasi na kuupoteza uzi katika tundu la sindano, akadhani ni uchovu, kisha akaanguka kifafa siku moja mbele ya wateja wake, na picha ya MRI ikaonyesha uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, jirani kabisa na ule mkunjo ambamo amri za harakati za mkono hutokea. Kuuacha uvimbe ni kuuacha ukue; kuutoa ni kupitisha kisu karibu na njia ya neva inayoshuka kutoka gamba la ubongo mpaka uti wa mgongo, nayo ikikatwa haiungwi tena. Mkewe anauliza, kaka zake wanauliza, mwenye nyumba aliyempangisha kibanda anauliza, na swali la wote ni moja: mkono utarudi?

Kipimo ninachokisema hufanywa hivi. Mgonjwa huketishwa kitini akiwa macho, bila ganzi wala wembe, na vibandiko vidogo vya kupokea umeme hubandikwa juu ya kile kinyama kinene kilicho chini ya kidole gumba. Mpimaji hushika juu ya kichwa cha mgonjwa waya uliozungushwa kwa umbo la tarakimu 8 na kufunikwa plastiki, na kila anapoufyatua husikika mlio mkavu mfupi. Nguvu ya sumaku hupenya nywele, ngozi na mfupa, ikazaa mkondo mdogo wa umeme katika gamba la ubongo, na ikiwa mahali hapo ndipo penye amri ya mkono, gumba huruka, hali mwenyewe ametulia na hakukusudia kitu. Kamera huufuata waya na kichwa, na katika skrini, juu ya picha ya ubongo wa mgonjwa yule yule, huwekwa nukta kila mahali palipojibu, mpaka nukta zikawa ramani. Nduguye mgonjwa aliyesimama kando aghalabu hatazami skrini. Hulitazama gumba, na kila likiruka naye hushtuka.

Asili ya jambo hili si ya jana. Mwaka 1870 Fritsch na Hitzig, matabibu wawili wa Berlin, waliugusa kwa umeme ubongo wa mbwa uliofunuliwa, wakaona miguu yake ikicheza. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, wakaweza kuutikisa mkono wa mtu mzima kwa sumaku bila kulifungua fuvu. Lililozidi katika miaka hii ni ramani, na hesabu zinazofanywa juu yake. Mwaka 2017 madaktari wa Berlin walichapisha habari za wagonjwa 113 waliofanyiwa kipimo hiki kabla ya kupasuliwa, wakaeleza kwamba pale ambapo uvimbe ulikuwa mbali na njia ya neva kwa zaidi ya milimita 8, nao haujauingia mkunjo wenyewe wa harakati, hakuna mgonjwa aliyepata udhaifu mpya wa kudumu. Milimita 8, msomaji, hazifiki upana wa ukucha wa kidole chako cha kati. Wakapima pia kiasi kidogo kabisa cha nguvu ya sumaku kinachotosha kuutikisa msuli, upande wa ubongo ulio mgonjwa na upande ulio mzima, na pale vipimo viwili vilipoachana sana wakaona dalili ya hatari.

Lakini lililonivuta mimi zaidi ni jambo la baada ya upasuaji. Kuna sehemu ya ubongo, mbele kidogo ya ule mkunjo wa harakati, ambayo ikiguswa kwa kisu mgonjwa huamka amepooza upande mmoja, pengine na ulimi umefungwa, na baada ya wiki kadhaa au miezi hurudiwa na harakati zake, nyingi au zote. Na kuna mgonjwa mwingine aliyepooza vile vile, kitanda cha pili, ambaye njia yake ya neva imekatika na mkono wake hautarudi. Siku za mwanzo macho hayawezi kuwapambanua. Madaktari wa Bern, Uswisi, walieleza mwaka 2019 kwamba sumaku yaweza: wagonjwa waliopooza ambao misuli yao iliijibu sumaku katika siku zile za mwanzo walipata nafuu njema baada ya muda mfupi. Basi fikiri hali ya mtu huyo. Anaambiwa, inua kidole. Anakusudia kwa moyo wake wote, na kidole hakiinuki. Sumaku inalia juu ya kichwa chake, na kidole kinainuka.

Yupo atakayesema kwamba haya ni uaguzi uliovaa koti jeupe, wala hoja yake haifai kuchekwa, kwa sababu katika Uganda yetu ilipata kusimamiwa na watu wazito. Mwaka 1914 ilizuka katika Buganda dini ya Wamalaki, ikaongozwa na Malaki Musajjakawa pamoja na Joswa Kate Mugema, mkuu wa saza la Busiro, ikafundisha kwamba Mungu peke yake ndiye mponyaji, na kwamba waganga na waaguzi waliokatazwa katika Torati ni pamoja na daktari wa Kizungu na dawa zake, hata chanjo. Semei Kakungulu, yule yule aliyemshika Kabalega, aliyekuwa amehamia huku mashariki na kuujenga mji wa Mbale, aliingia katika dini hiyo. Kisha mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe, akaishika Torati kuwa sheria yake, akafa mwaka 1928 akiwaacha Wayahudi wa Uganda ambao vizazi vyao wapo Nabugoye mpaka leo. Kakungulu hakuwa mjinga wala mwoga. Alikuwa ameona jinsi serikali ya kikoloni ilivyoichukua nchi aliyoiteka kwa upanga wake, na naona si ajabu kwamba mtu aliyedhulumiwa hivyo aliishuku hata sindano yao. Ila hoja yake ya dini ilikuwa pana kuliko kinyongo: ikiwa ajali ya mtu i mikononi mwa Mungu, yeye adaiye kuijua kabla au kuigeuza amejipa sehemu isiyokuwa yake.

Mbale imelijibu jambo hili kwa matendo kuliko kwa maneno. Mji ule mmoja una Wayahudi wa Nabugoye, ambao siku hizi wana kituo chao cha afya mjini. Una Chuo Kikuu cha Kiislamu, kilichofunguliwa mwaka 1988. Na una hospitali ya Wakristo, CURE, ya watoto wenye maradhi ya ubongo, iliyoanza kazi mwanzoni mwa karne hii. Huko ndiko daktari Benjamin Warf, Mmarekani, alipoona kwamba mtoto mwenye ugonjwa wa kichwa kikubwa, ambao katika nchi yetu aghalabu huletwa na maambukizi ya siku za kwanza za uhai, akiwekewa mrija wa kuondoa maji kichwani na kurudishwa kijijini, siku mrija utakapoziba huenda asimfikie daktari akiwa hai. Akaanza kutoboa kitundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia, na kuiunguza sehemu inayoyatengeneza, mtoto akaenda zake bila mrija. Lakini kitundu hakikufaa kwa kila mtoto. Kwa hiyo mwaka 2010 Warf, pamoja na John Mugamba wa hospitali hiyo na Abhaya Kulkarni wa Kanada, walitoa jedwali la alama, lililohesabu umri wa mtoto, chanzo cha ugonjwa, na ikiwa ile sehemu imeunguzwa au la, ili kubashiri upasuaji utafaulu kwa nani. Kubashiri kwa hesabu, basi, hakukutujia kutoka Berlin. Kulifanywa Mbale, juu ya vichwa vya watoto waliobebwa mgongoni na mama zao kwa basi na kwa miguu, na mwaka 2017 mji huo ukatoa tena habari ya watoto 100 waliogawanywa kwa kura baina ya mrija na kitundu, ambayo kwa akili zao na kukua kwa ubongo wao baada ya mwaka haikuonyesha tofauti ya dhahiri. Nami naistahi sana kura ile. Daktari anayepiga kura amekiri hadharani kwamba hajui, na waaguzi hawana desturi hiyo.

Sasa nirudi katika neno la ghaibu, ambalo nadhani wengi wetu tunalitumia kwa wasaa usiostahiki. Ghaibu ni kilichofichwa. Na gumba linaloruka chini ya sumaku linaonyesha jambo lililopo sasa hivi, yaani kwamba njia kutoka gamba la ubongo mpaka msuli wa gumba ni nzima saa hii. Daktari hakuiona kesho. Ameiona leo, sehemu ya leo iliyokuwa imesitiriwa na mfupa, kama ambavyo mkunga amgusaye mama tumboni huijua hali ya mtoto ilivyolala. Kutoka katika leo hiyo huvuka kwenda kesho kwa dhana, na wanazuoni wa fikihi walikwisha kutufundisha daraja za dhana: kuna shaka, kuna dhana tupu, kuna dhana iliyoshinda, na juu yake kuna yakini. Dhana iliyoshinda si yakini, lakini yatosha kufanyia amali. Msafiri aliyefikwa na wakati wa sala katika nyika za Karamoja hawezi kuiona Makka; hutazama jua, hujitahidi, huelekea kaskazini akielemea mashariki kidogo, husali, na kwa kauli ya wanazuoni wengi sala yake ni sahihi hata ikidhihiri baadaye kwamba alikosea. Angengoja yakini asingalisali maisha yake.

Tena ni nani aliyesema kwamba kuitafuta sababu ni kumkimbia Mungu? Omar bin Khattab alipokuwa akienda Sham, akapata habari kwamba tauni imeingia huko, alirudi na jeshi lake. Na alipoulizwa ikiwa anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwa maana ya kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kwenda katika kadari ya Mungu. Imamu Ghazali, ambaye hakuna awezaye kumtuhumu kwa udhaifu wa tawakali, aliihesabu elimu ya utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya, akawalaumu mafakihi wa zama zake kwa kurundikana katika elimu ya mabishano na kuuacha mji hauna tabibu Mwislamu hata mmoja. Naye Musa bin Maimun, Myahudi aliyekuwa tabibu katika Misri ya Salahuddin, aliupinga unajimu kwa ukali na huku akiwapima wagonjwa kila siku. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yanagongana, na yeye Torati aliijua kuliko Kakungulu.

Lipo, hata hivyo, jambo zito kuliko hilo, nalo ni ule mkono usiomtii mwenyewe na kuitii sumaku. Wilder Penfield, aliyeasisi taasisi ya ubongo mjini Montreal, Kanada, mwaka 1934, alikuwa akiwapasua wagonjwa wakiwa macho, ngozi ya kichwa tu ndiyo iliyotiwa ganzi, na akiugusa ubongo kwa umeme mkono wa mgonjwa ukaenda. Akimwuliza, mgonjwa hujibu kwamba si yeye aliyeuinua, ni daktari. Akauzunguka ubongo kwa miaka mingi, na katika kitabu chake cha uzeeni, kilichotoka mwaka 1975, akasema kwamba hakupata mahali ambapo akigusa humfanya mtu akusudie. Alipata mahali pa kutikisa kidole, mahali pa kuzuia ulimi, mahali pa kuamsha kumbukumbu. Pa kuamsha nia hakupata. Wapo wataalamu wa baadaye wanaodai kwamba umeme waweza kuzaa hamu ya kukitikisa kiungo, na mimi sitaki kuifunga hoja hiyo, kwa kuwa hamu na nia ni vitu viwili, na mwenye saumu anajua zaidi kuliko profesa.

Ghazali katika kitabu chake cha Tahafuti aliuliza: moto unapokutana na pamba ikaungua, tumeona nini hasa? Tumeona kuungua wakati wa kukutana. Uzi unaofunga kimoja na kingine hatukuuona, bali ni ada aliyoipitisha Mungu, nayo ada hiyo haibadiliki ovyo, ndiyo maana hakuna mtu anayerudi nyumbani akihofia kukuta kitabu chake kimegeuka farasi. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba anayeziondoa sababu ameiondoa akili. Nikisimama kando ya kitanda cha yule mgonjwa wa Bern, naona wote wawili wana sehemu. Njia ya neva ni sababu, na Ibn Rushd ana haki: ikikatwa, dua haiungi neva, na anayewaahidi jamaa kinyume cha hayo anawala fedha zao. Lakini njia ikiwa nzima na mkono bado umelala, hapo sababu zote unazoweza kuzihesabu zipo na tukio halipo. Wataalamu husema sehemu inayoandaa harakati imejeruhiwa, na upande wa pili wa ubongo unajifunza taratibu kuishika kazi yake, jambo ambalo ni kweli, wala halimwelezi mgonjwa kwa nini yeye anakusudia na hakuna kitu. Sheria, ambayo haikungoja sumaku, ilikwisha kumpokea mtu huyu: asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na asiyeweza kuinua kiungo huashiria kwa macho, na wako waliosema kwamba akishindwa na hilo huzipitisha nguzo za sala moyoni mwake. Viungo vyote vimeondoshwa kimoja kimoja na sala imebaki.

Kwa hiyo mimi sioni uharamu katika kipimo. Ninaogopa ulimi wa anayekisoma. Gumba likijibu, habari ni njema na husemwa kwa haraka. Likinyamaza, daktari aliye kijana huona kwamba amepewa hukumu mkononi, na kumbe kunyamaza kwa gumba kuna sababu nyingi, ikiwemo ubongo kuvimba baada ya kisu, na dawa za kifafa ambazo mgonjwa huyu lazima anameza, nazo huufanya ubongo uwe mzito kuitika. Namba iliyotoka kwa wagonjwa 113 wa Berlin ni habari ya watu 113. Fundi wetu ni wa 114, na hakuna hesabu inayomjua kwa jina.

Na hapa kwetu kuna njia mbili za kulikimbia swali. Moja ni ya daktari anayejua kitu akasema, "Tumwachie Mungu," akalitia neno la inshallah mahali pa maelezo, mpaka jamaa wamejifunza kwamba daktari akisema inshallah maana yake ni hapana. Neno hilo tulifundishwa katika sura ya Kahaf kulitaja tunapoazimia jambo la kesho. Lafaa limfuate mtu aliyekwisha kusema yote anayoyajua, wala halikuwekwa kuwa shuka la kufunika asilotaka kusema. Njia ya pili ni ya jamaa. Kaka mkubwa humvuta daktari ukumbini, akamwambia, "Daktari, mwanangu, tuambie sisi. Yeye usimwambie, atavunjika moyo." Nayatambua mapenzi yaliyomo katika maneno hayo, na najua kwamba watu wetu hawaugui peke yao, lakini sikubaliani nayo. Elimu ya hali ya mkono ni amana ya mwenye mkono, na anayemhifadhia mtu amana yake kisha akaigawa ukumbini kabla ya mwenyewe hajaiona amekhini, ajapokuwa amefanya hivyo kwa huruma.

Daktari aliye msema kweli angerudi kitandani, akaketi, akamwambia, "Mzee, njia ya mkono wako nimeiona, ni nzima. Lini utashika mkasi sijui. Tutautazama pamoja kila wiki." Au angemwambia, "Mzee, leo mkono haukunijibu. Nitaupima tena ubongo ukiacha kuvimba, na nikikuta vile vile nitakwambia wewe wa kwanza." Amwambie hivyo mapema, naye angali na wasaa wa kufikiri, wa kujaribu mkono wa kushoto, wa kumwita mwanafunzi wake amshikie duka; kwa sababu deni la hospitali linahesabiwa kila siku, na kule Mpumudde kaka zake wamekwisha kumpata mnunuzi wa cherehani, wala mwenye cherehani hajaulizwa.